Naomba ushauri: ombi la daftari la washawishi bunge la kaunti

Salaam aleikum wana Mombasa. Kikundi chetu cha wakaazi huku Kisauni twataka kupeleka ombi bunge la kaunti. Mswada ukiwa mbele ya kamati, kuwe na daftari la wazi: nani alikutana na waheshimiwa, kwa niaba ya nani, na nani alilipia ukumbi na chakula.

Kifungu cha 196 cha Katiba chataka bunge la kaunti lifanye kazi waziwazi na lihusishe wananchi. Kifungu cha 76 nacho chasema zawadi apewayo afisa wa serikali katika hafla rasmi ni ya Jamhuri. Kuna pia Sheria ya Mgongano wa Maslahi ya 2025, ila hiyo yambana zaidi afisa mwenyewe kuliko yule anayekuja kumnong'oneza.

Penye kutukwama ni hapa: mshawishi ni nani? Tusije tukaandika maneno ambayo yatamnasa mama wa mahamri aliyeenda kulalamikia ushuru, huku wakili wa kampuni kubwa akipita kando (na mawakili wajua kupita). Marekani, tangu 1995, wanaosajiliwa ni wale wanaolipwa kufanya kazi hiyo, na sheria ya 2007 ikaongeza ripoti kila miezi mitatu. Mimi naona kigezo cha malipo chatufaa. Wenzangu wasema kitaacha mwanya kwa marafiki na jamaa wa waheshimiwa.

Aliyewahi kuandika ombi kama hili, mwaonaje? Na je, tuanzie kwa karani wa bunge au kwa mwakilishi wadi wetu?