Nani aliwaruhusu kutupa mistari ya risiti? Miaka 2 ya mauzo imebaki jumla tupu!

Wakuu, nina hasira, naombeni mnisikilize.

Nimeajiriwa miezi mitatu iliyopita kuchambua mauzo ya maduka 14 ya vyakula hapa Dar. Ghala la data, yaani hifadhi moja ya kumbukumbu za mauzo ya kutolea ripoti, nimelikuta limeshajengwa. Wataalamu wa kukodiwa wamelipwa chao wameondoka. Juzi bosi kaniuliza swali dogo tu: anayenunua sembe kwetu, mafuta ya kupikia anachukua hapo hapo au anakwenda kuyanunua kwingine?

Nikafungua jedwali la mauzo. Mstari mmoja ni duka moja, kundi moja la bidhaa, siku moja. "Mbagala, nafaka, tarehe 4, 1,862,500." Basi! Risiti haipo, saa haipo, sembe imemezwa humo pamoja na mchele. Nikakimbilia mashine za kaunta, kumbe zenyewe hufuta kumbukumbu kila baada ya siku 90. Miaka 2 ya manunuzi ya watu imekwenda hivyo.

Nikawapigia waliojenga. Eti walikuwa wanabana nafasi ili ripoti zifunguke haraka. Nafasi ipi jamani? Maduka 14, risiti kama 600 kila duka, bidhaa 8 kwa risiti: mistari 67,200 kwa siku, milioni 24.5 kwa mwaka. Kila mstari ukila baiti 100, mwaka mzima haufiki GB 3. Miaka yote 2 inaenea kwenye flashi ya GB 8!

Risiti ukiwa nazo, unajumlisha siku yoyote unayotaka. Ukibaki na jumla, risiti huzipati tena. Ripoti ni nzito? Tengeneza jedwali la muhtasari pembeni, la risiti usiliguse. Ralph Kimball, mwandishi wa vitabu vya kujenga ghala za data, alilisema hili tangu miaka ya 1990: tamka kwanza mstari mmoja unawakilisha nini, ndipo uchague safu.

Na hawakuishia hapo. Kwenye oda za kupelekewa nyumbani kila bidhaa ina mstari wake, vizuri, lakini nauli ya bodaboda, ambayo ni ya oda nzima, wameirudia kwenye kila mstari. Oda ya bidhaa 7, nauli 5,000, ripoti inasoma 35,000. Dada wa uhasibu kagombezwa mbele ya kikao kizima, kaulizwa hela ya nauli kaipeleka wapi. Alitoka analia. Hili limeniuma kuliko yote. Nauli ilitakiwa ikae kwenye jedwali lake, mstari mmoja kwa oda moja, au igawanywe kwa bidhaa zilizomo.

Kuanzia jana usiku navuta mistari yote ya kaunta kabla siku 90 hazijaifikia. Mashine mbili za zamani ziko stoo, zilizimwa mwaka jana na hazijawashwa tangu siku hiyo. Aliyewahi kutoa data kwenye mashine ya hivyo bila kuiacha ijifute ikiwaka, naomba aniambie alianzaje. Sijaigusa hata moja.