Picha za maonyesho, Nakuru hadi Kisumu, nizibebeje?

Wasee saidieni, dadangu mchoraji anamaliza maonyesho yake hapa Nakuru halafu yanaenda Kisumu na Kakamega, ni kanvasi kubwa za rangi ya mafuta na usafiri ni matatu tu, nizikunje ama?

Mkono_Rangi: Usikunje aki! Toa kwa fremu, viringisha kwa paipu nene, rangi iangalie nje, ikiangalia ndani inajikunyata. Na ziwe zimekauka, mafuta ikipakwa nene hukaa hata miezi 6.

Nyar_Kisumo: Ile nailoni ya mapovu isiguse rangi, na joto la huku itaacha alama, tanguliza karatasi laini. Tuma tarehe ya Kisumu bana, tutajaa, huyo lazima tumsapoti.