Daraja la Mostar lilivunjwa likajengwa upya: tuliite la kale au jipya?

Fundi Mawe, Ipogolo
Kamwene wakuu. Nachonga mawe ya misingi na kuta hapa Iringa. Kijana ninayemfundisha kazi alinionyesha picha za daraja la Mostar, Bosnia na Herzegovina: tao moja la mawe, kama mita 29, bila nguzo hata moja majini. Lilikamilika mwaka 1566, enzi za Dola ya Osmani. Vitani, tarehe 9 Novemba 1993, mizinga ya vikosi vya Wakroatia ikaliangusha ndani ya Mto Neretva. Likafunguliwa tena Julai 2004. Kijana anasema hilo ni daraja jipya lililovaa sura ya zamani. Mimi nakataa. Mawe yalishikanishwa vipi, na yale ya kwanza yalirudishwa?

Mwalimu wa Uyole
Fundi, kijana wako ana hoja. Wapiga mbizi wa Hungaria waliopoa mawe mtoni, lakini mengi hayakufaa tena kubeba mzigo, hivyo tao likajengwa kwa mawe mapya. Ila ni jiwe lile lile la chokaa, tenelija, la machimbo ya karibu na mji, na lilichongwa kwa mkono. Mawe yamebanwa kwa vibano vya chuma, kisha risasi (ile metali laini, si ya bunduki) iliyoyeyushwa ikamiminwa kwenye matundu ili chuma kisicheze. Ndivyo alivyojenga Mimar Hayruddin, msanifu wa lile la 1566. UNESCO waliliweka kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2005 wakijua kabisa ni la kujengwa upya.

Binti Tukuyu
Shikamooni. Huku Rungwe tuna Daraja la Mungu juu ya Mto Kiwira, la asili, la mwamba wa volkano. Likianguka, hakuna wa kulirudisha. Wenzetu wa Mostar walirudishiwa la kwao, na vijana wao bado wanajirusha mtoni kutoka juu, zaidi ya mita 20, kama mababu zao. Kwangu hilo ni lile lile.

Fundi Mawe, Ipogolo
Marahaba binti, na asante Mwalimu. Hiyo risasi ndiyo iliyonishika. Mtu amekaa, amepasha moto, amemimina tundu moja baada ya jingine, mahali ambapo mpita njia hataona kamwe. Jiwe la machimbo yale yale, mkono uleule wa kazi, mto uleule: ni la kale, nasimama hapo. Kinachoniuma ni kwetu. Kila mteja sasa anataka tofali za saruji. Boma la Wajerumani hapa mjini, ambalo sasa ni makumbusho, ukuta wake ukibomoka ataushika nani? Anayemjua mzee aliyewahi kusimamisha tao la mawe, awe Njombe, Mafinga au Mbeya, anijulishe hapa. Nitampeleka kijana akakae naye ajifunze, nauli juu yangu.