Miezi mitatu nawaandikia hamjibu, nikifuta rekodi ndiyo mnakumbuka mna kituo?

Wakuu,

Nimevumilia vya kutosha. Najitolea kupitia rekodi za kipande chetu cha mtandao wa 44, ule wa redio ya ridhaa (redio ya kujifurahisha, si ya biashara) unaotumia anwani za intaneti zinazoanza na 44. Rekodi zenyewe ni majina ya DNS (majina yanayoelekezwa kwenye anwani), malango (mashine zinazounganisha vituo na intaneti) na anwani walizogawiwa wenye leseni. Silipwi hata senti, naifanya usiku nikitoka kazini. Wiki iliyopita nilifuta rekodi ambazo wenyewe nimewaandikia mara tatu bila jibu. Kesho yake mtu aliyenyamaza miezi mitatu kaja juu mbele ya watu wote, ananiita dikteta, eti nimemvunjia kituo. Kituo kipi? Mwenyewe anakiri antena aliishusha alipohama nyumba!

Karatasi ikilala kabatini haimdhuru mtu. Rekodi zetu hazilali. Orodha ya malango inasambazwa kwa ruta za mtandao, yaani vifaa vinavyoelekeza data, kila dakika 5, na ruta inaiamini ilivyo. Ukiandika kwamba lango lako liko kwenye anwani fulani ya intaneti, halafu kampuni inayokupa intaneti ikakubadilishia anwani, pakiti za wenzako, yaani vifurushi vya data, zinaendelea kwenda kule kule. Anazipokea mtu baki ambaye redio ya ridhaa hajawahi hata kuisikia.

Majina ya DNS ndiyo yananitoa machozi, maana jina limebeba ishara ya wito ya mtu, yaani herufi na tarakimu zinazomtambulisha hewani. Kuna mzee wetu mmoja, marehemu, aliyenifundisha kusikiliza Morse. Jina lake lilikuwa bado linaelekezwa kwenye seva aliyokuwa akiikodi. Anwani ile ilishapewa mteja mwingine zamani. Nimefungua jina la mzee wangu, nikakuta tovuti ya kamari! Watu walimjua, walimzika, na hakuna aliyeona umuhimu wa kutuma mistari miwili tumwondolee hiyo aibu. Zaidi ya hapo, ziko nchi ambako ishara iliyoachwa hugawiwa mtu mpya, na huyo mpya anarithi uchafu asioujua.

Halafu kuna vichujio vyenu, yaani kanuni za ruta zinazoamua nani apite. Anwani zote zinazoanza na 44, zaidi ya milioni 16, zilitengwa kwa ajili ya redio ya ridhaa tangu 1981. Mwaka 2019 robo yake, kuanzia 44.192 kwenda juu, iliuzwa kwa Amazon. Kama iliuzwa kwa haki au la, tulishagombana sana, siurudii ugomvi huo. Ila mpaka leo nakuta ruta zenye kanuni ya kuruhusu 44 yote, kwa imani kwamba kila anayetoka huko ana leseni. Umemwachia mlango wazi yeyote anayekodi seva, na nyuma ya mlango kuna redio inayorusha kwa ishara yako. Akirusha asiye na leseni kupitia kwako, atakayeitwa kujieleza ni wewe.

Mtasema tumebakiwa na anwani zaidi ya milioni 12, haraka ya nini. Nani kazungumzia uhaba? Nazungumzia rekodi zinazosema uongo.

Na kosa langu nalisema. Niliwahi kufuta kituo kilichokuwa hai. Kilikuwa mlimani, kinafikika kwa redio tu, ukikipima kutoka intaneti hakijibu. Nilikirudisha siku ile ile na nikamwomba mwenyewe radhi. Tangu hapo siamini kipimo peke yake, nasubiri neno la mwenye kituo. Sasa mwenye kituo akinyamaza, baruapepe yake inarudi, leseni yake imeisha muda, nifanyeje? Nipige ramli?

Ninachotaka ni kila rekodi iwe na mwisho wake. Mwenyewe aithibitishe mara moja kwa mwaka, kazi ya dakika moja. Asipothibitisha, isimamishwe kwanza, na akikaa kimya mwaka mwingine ifutwe. Kama dakika moja kwa mwaka ni nyingi kwako, rudisha anwani apewe anayeihitaji, na usiniite dikteta.

Jina la mzee nimelifuta leo asubuhi. Anayeona nimekosea aje aseme hapa, na aweke ishara yake ya wito.