Fremu ya kaboni imepata ufa bomba la juu: fundi wa maboti anaweza?

Mpanda_Mwanga
Wakuu salaam. Nina baiskeli ya mbio, mtumba, fremu ya kaboni. Niliinunua Dar ikaja Kigoma kwa treni. Juzi ilikuwa imeegemea ukuta hapa nyumbani Mwanga, ikaanguka, usukani ukageuka na kupiga bomba la juu. Rangi imebanduka kiasi cha ukucha wa kidole gumba, na katikati kuna mstari mwembamba wa kama sentimita 2. Fundi wa kuchomelea ameigeuzageuza, mwisho akaniuliza hiki ni chuma gani. Kule Kibirizi kuna jamaa anaziba maboti ya faiba, anasema ataizungushia faiba jioni moja na kesho yake napanda. Bei yake nzuri. Nimpe?

Chuma_Haidanganyi
Uza hiyo, nunua Phoenix. Ya baba imebeba madumu ya mawese tangu sijaanza shule na fremu haijui ufa ni nini.

Rangi_Gungu
Usimpe bado. Simbezi fundi wa Kibirizi, maboti yake yanaelea, lakini mafundi wengi wa maboti hutumia gundi ya poliesta. Utaijua tu: anatia matone machache ya hadina, ile dawa ya kuigandisha, na harufu inakupanda kichwani. Fremu yako ni kitambaa cha kaboni kilichogandishwa kwa gundi nyingine, epoksi, na poliesta haishiki vizuri juu ya epoksi iliyokwisha kukauka. Itang'aa vizuri, halafu siku moja uko kwenye mteremko, kiraka kinaachia. Moto nao usiukaribishe. Kaboni haichomelewi, gundi inaungua, unabaki na kitambaa.

Kwanza tujue kilichopasuka ni rangi au kaboni yenyewe. Chukua sarafu ya mia mbili, gonga taratibu kufuata bomba ukielekea kwenye mstari. Pazima panatoa mlio mkavu, mkali. Sauti ikizama ghafla, tabaka za ndani zimeachana. Usidanganyike karibu na maungio, pale unene wa bomba hubadilika na mlio hubadilika hata pakiwa pazima. Kisha bonyeza kwa kidole gumba: pakibonyea, hakuna mjadala. Kama ni rangi tu, safisha, paka klia, yaani vanishi isiyo na rangi, au hata ile ya kucha inayong'aa bila rangi, uendelee na safari zako.

Mpanda_Mwanga
Nimegonga usiku huu mpaka mama watoto ameuliza kama nimeanza kutengeneza ngoma. Kote ni ti-ti-ti, kwenye mstari ni tu. Hapabonyei. Kutoka kichwa cha fremu hadi hapo ni zaidi ya shubiri moja.

Rangi_Gungu
Basi ni kaboni. Ila umebahatika mahali, katikati ya bomba panatibika. Ingekuwa uma wa mbele au usukani ningekwambia tupa, maana vile vikikatika unakwenda chini kwa uso.

Kazi yenyewe: sugua rangi kwa msasa wa maji, kwa mkono, si grenda, ukizunguka bomba lote mpaka kaboni nyeusi ionekane na weupe wa ufa uishe. Maji ni kwa ajili ya vumbi. Linawasha na mapafu hayalitaki, kwa hiyo vaa barakoa na glavu. Dawa ya kutolea rangi za magari usiiguse, inakula na epoksi. Futa kwa spiriti. Weka kitambaa cha kaboni kilicholowa epoksi, kipande kidogo kwanza, kila kinachofuata kikimpita mwenzake kama sentimita 1 kila upande, nyuzi nyingine ziende na bomba, nyingine zikate mshazari. Juu yake kaza tepu ya umeme, upande wa gundi utazame nje, uitoboetoboe kwa sindano ili epoksi ya ziada itoke. Hapo kwenye kukaza ndipo penye ufundi. Hewa ikibaki ndani umepika andazi.

Epoksi na hadina yake pima kama kopo linavyosema, usikadirie kwa jicho. Changanya kidogo kidogo, kwa joto letu hili inaganda kikombeni ungali unatafuta mkasi. Kisha iache wiki nzima. Hiyo "kesho yake napanda" ndiyo iliyonitia shaka kuliko yote.

Isevya_Pedeli
Kutoka Tabora naongeza: fundi asibane lile bomba kwenye stendi yake, wengine wanakaza mpaka kaboni inalia. Na keria ya nyuma sahau. Huku kwetu ukipita na baiskeli isiyo na mzigo watu wanakuuliza umeachishwa kazi, lakini hiyo si ya magunia. Halafu huyo wa Kibirizi muulize, huenda epoksi anayo kwa kazi za mbao. Mkono wake kwenye kitambaa unaweza kukufaa.

Mpanda_Mwanga
Ahsanteni. Kitambaa cha kaboni Kigoma hii nakipata wapi?

Rangi_Gungu
Madukani hapa sijakiona. Agiza Dar kije na basi. Nusu mita inatosha na itabaki. Epoksi ninayo, njoo Gungu na fremu tupu, magurudumu acha nyumbani. Mpaka kifike usiipande, hata ya kwenda dukani.