Ati MIMI ndio mashine?? Huyu mzee wa Prado amenichosha kabisa

MtuWaOldKampala: Nimetoka hapo chini sasa hivi, mkono bado unatetemeka. Mnamjua. Yule aliyeenda Denmark wiki mbili na mpaka leo akili haijarudi. Pakingi yetu ya fleti ni ndogo kama kiberiti, gari moja likikaa vibaya jengo zima linaenda kazini na boda, leo kanizibia TENA na nina mtu wa kumpokea Entebbe, napiga honi mpaka wafu wanageuka, anatoka na taulo na kikombe cha chai, halafu badala ya kusogeza gari anaanza somo. Ati kule Aarhus unaacha gari kwenye chumba cha vioo unaenda zako, lifti inalishusha chini ya ardhi na kulipanga yenyewe, magari elfu moja na hakuna anayemzibia mwenzake. Nikamwambia mzee, hapa si Aarhus, sogeza gari. Akanitazama kuanzia viatu akanirushia funguo. "Basi wewe ndio mashine. Lipange."

MIMI. MASHINE. Mbele ya askari! Mbele ya watoto wa shule! Na dada wa chapati akacheka, na namdai elfu tano! Nina digrii jamani. Mashine!

Kikuubo_Boy: Swali dogo tu. Ulilisogeza?

MtuWaOldKampala: Nilikuwa nachelewa

Kikuubo_Boy: Basi mashine inafanya kazi 😂😂😂

MwalimuWandegeya: Mzee hajadanganya lakini. Hiyo pakingi ya Aarhus iko chini ya maktaba ya Dokk1, tangu 2015. Ndani ya gari hakuna mtu, hakuna wa kufungua mlango, ndio maana yanabanwa karibu karibu hivyo. Tokyo wanashusha hata baiskeli.

Nyabo_K: Ileteni hapo Clock Tower sasa. Mvua moja tu, mtaro wa Nakivubo ufurike, tuvue ngege ndani ya Premio

Kikuubo_Boy: Na umeme ukikatika gari lako liko huko chini utamwita nani? Utamwita Mashine wa Old Kampala

MtuWaOldKampala: Mnacheka lakini alinirushia FUNGUO. Hakunipa mkononi. Alirusha.

Baba_Shakira: Afadhali wewe ulirushiwa funguo. Mimi nimesimama nanunua rolex, chapati ya kuviringisha na yai, yai halijaiva, narudi nakuta tiketi ya pakingi kwenye waipa. Hawa watu wanatoka wapi, wanaishi chini ya magari?

Nyabo_K: Wenye magari mnalia nini. Boda wangu wa jana kapita juu ya verenda ya watu, mama mmoja anakaanga mandazi, eti shortikati

MtuWaOldKampala: Jamani uzi ni wa mzee wa Prado

Baba_Shakira: Mashine nyamaza watu wanaongea. Nyabo ulikuwa unaenda wapi?

Nyabo_K: Ntinda, kutoka mjini. Elfu kumi na tano

Baba_Shakira: ELFU KUMI NA TANO?? Na mandazi hukupewa?