Tupeane uzoefu: siku ulipotumiwa waraka ambao simu yako ilishindwa kuusoma

Mkazi wa Chumbageni
Wadau, assalamu alaykum. Jana nimetumiwa tangazo la mkutano wa mtaa, nikalifungua, na simu ikatamka neno moja tu, "picha", kisha ikanyamaza. Nimekumbuka mengi. Wasioona na wenye uoni hafifu wa Tanga, tupeane uzoefu.

Bin Raskazone
Langu ni la barua ya usaili. Niliomba kazi ya kupokea simu katika ofisi moja ambayo sitaitaja, na katika maombi nilieleza wazi kwamba sioni na kwamba ninatumia programu ya kusoma skrini. Barua ilikuja Jumatatu. Mtu aliiandika kwa kompyuta, akaichapa, akaigonga mhuri, akaiskani na kunitumia pidiefu yake. Yaani maneno yaliyokuwa maneno akayageuza kuwa picha ya maneno. Kompyuta yangu ikasema waraka ni mtupu. Niliwaandikia kwa adabu watume tena, nao wakatuma ileile. Mpwa wangu anayenisomea alikuwa Pangani msibani, akarudi Alhamisi jioni, akaifungua, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mjomba, usaili ulikuwa leo saa tatu asubuhi."

Mama wa Ngamiani
Ule ukimya wa msomaji kabla ya kukwambia habari ninaujua.

Fundi Kompyuta
Ndiyo maana husema pidiefu ipigwe marufuku, watu watumiane Word.

Mhariri Mstaafu
Kaka, unailaumu sufuria kwa kosa la mpishi. Pidiefu iliyohifadhiwa moja kwa moja kutoka kwenye Word, ikiwa na tagi zake, yaani alama za ndani zinazoiambia programu kipi ni kichwa na kipi ni aya, husomeka vizuri, na kiwango chake cha kimataifa, ISO 14289, kipo tangu mwaka 2012. Wanaoharibu ni wanaoskani, pamoja na wale wanaopitia amri ya kuchapa badala ya kuhifadhi, kwa sababu njia hiyo aghalabu huzipoteza tagi. Hata hiyo Word yako haisaidii ikiwa kichwa cha habari umekikoleza wino tu bila kukipa mtindo wa kichwa: mwenye macho atakiona, lakini programu itakisoma kama sentensi nyingine yoyote, nami nitalazimika kusikiliza kurasa arobaini ili nifike sura ya tatu.

Fundi Kompyuta
Umeandika aya nzima kuthibitisha kwamba watu hawajui kuitumia, jambo ambalo ndilo nililosema.

Mzee wa Minazi
Ninyi mmekosa usaili. Mimi nusura nikose shamba. Nilikuwa nikimuuzia jirani nusu ya shamba langu la minazi. Kijana wake akaleta mkataba, akanisomea kwa sauti nzuri kama ya mtangazaji, nami kidole gumba kilikuwa tayari kwa wino. Nikamwambia aniachie hadi kesho. Usiku niliupiga picha nikaipitisha kwenye programu inayotambua herufi, ikasoma kwa lafudhi yake ya Kizungu, ikikosea hapa na pale, lakini "shamba lote" ikalitamka sawasawa, mara mbili.

Mama wa Ngamiani
Ya Rabi! Ikawaje?

Fundi Kompyuta
Baba mtu alijua, au ni kijana peke yake?

Mzee wa Minazi
Hilo sikulichunguza. Aliporudi nilimwomba anisomee tena, na aliposema "nusu" kwa mara ya pili, niliiwasha simu isome. Aliondoka akisahau kandambili zake.

Mkazi wa Chumbageni
Mzee wangu, umetuteka sote, lakini turudi kwenye nyaraka.

Mwalimu wa Nukta Nundu
Dawa ni nukta nundu, maandishi ya kusomwa kwa vidole. Haihitaji chaji.

Bin Raskazone
Shikamoo mwalimu. Ofisi iliyoshindwa kunitumia maneno matupu itanichapia nukta nundu kwa mashine gani?

Mwanasheria Mtarajiwa
Dai haki yako chini ya Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013.

Mhariri Mstaafu
Huo unahusu hakimiliki, ili kazi zilizochapishwa zitolewe katika miundo inayosomeka na wasioona bila kuomba kibali cha mwenye haki. Barua ya usaili haimo. Shika Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010.

Fundi Kompyuta
Wasiokuwa na fedha wapakue NVDA, programu ya kusoma skrini ya kompyuta, ni ya bure. Wekeni sauti ya Kiswahili, la sivyo "Ngamiani" itatamkwa kama jina la dawa.

Mkazi wa Chumbageni
Nimemwomba mtendaji aandike maneno yenyewe kwenye ujumbe. Hajajibu.

Mama wa Ngamiani
Mkutano ni Jumamosi saa nne, uwanja wa shule. Nilisomewa na mjukuu.